Vitanda Sita, Chumba cha Wanne

Ijumaa alasiri, tarehe 27 Machi 2020, wafanyakazi wa makao ya wanajeshi wastaafu ya Holyoke, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walianza kusukuma vitanda. Wadi mbili za wazee wenye ugonjwa wa kusahau zilikuwa zinaunganishwa ziwe moja. Sababu haikuwa ya kitabibu. Wauguzi walikuwa wameanza kuugua, wengine hawakufika kazini, na waliobaki hawakutosha kushika zamu za wadi mbili. Basi wazee wa wadi moja wakahamishiwa nyingine, watu 42 katika nafasi iliyozoea kubeba 25. Chumba cha vitanda vinne kikaingizwa sita. Wengine tisa wakalazwa kwenye ukumbi wa kulia chakula, kitanda kando ya kitanda. Mwenye homa na asiye nayo, aliyethibitishwa kuwa na korona na ambaye hakuonyesha dalili yoyote, wote wakawa majirani. Na mzee aliyekwisha kusahau jina la mwanawe huwezi kumwambia akae mita mbili mbali na mwenzake.

Kufikia Juni mwaka ule, wakazi wasiopungua 76 wa makao yale walikuwa wamekufa kwa korona. Hawa ni watu waliokwenda vitani wakarudi.

Nani alaumiwe? Kwa maneno ya mtaani swali hilo lina jibu jepesi: wauguzi ndio waliosukuma vitanda. Mikono yao ndiyo iliyoonekana. Lakini mahakama haiishii kwenye mikono, au angalau haipaswi kuishia hapo, na ndiyo maana kesi ya Holyoke inafaa kusomwa na kila mtu ambaye amewahi kuvaa koti jeupe, au kumpeleka mama yake hospitali usiku.

Holyoke yenyewe si ngeni kwetu kama inavyosikika. Jimbo hilohilo lina miji ya Lowell na Worcester, ambako Wakenya wameweka makazi kwa miongo kadhaa, na wengi wao wanaishi kwa kazi ya uuguzi na uuguzi msaidizi. Watanzania wana msemo wa kubeba boksi kwa kazi za ughaibuni. Boksi la ndugu zetu wa Massachusetts mara nyingi ni mzee wa watu: kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumlisha kijiko kwa kijiko, kumbadilisha nepi saa tisa usiku. Machi 2020 boksi hilo lilianza kukohoa, na aliyelibeba hakupewa barakoa ya kutosha.

Sheria ya uzembe tuliyo nayo Kenya na Tanzania, na waliyo nayo wao kule Marekani, imetoka shina moja: sheria ya mazoea ya Kiingereza. Kila mwanafunzi wa sheria Nairobi au Dar es Salaam hukutana mwaka wa kwanza na konokono aliyeoza ndani ya chupa ya soda ya tangawizi huko Paisley, Uskochi, na hukumu ya mwaka 1932 iliyozaliwa na konokono huyo: kwamba unawajibika kumwangalia jirani yako, na jirani ni yeyote ambaye ungepaswa kujua kuwa kitendo chako chaweza kumuumiza. Kwa daktari kazi ya kumtafuta jirani ni rahisi, kwani amelala mbele yake. Ngumu ni kujua daktari alipaswa kufanya nini. Mwaka 1957, katika kesi ya Bolam, mahakama ya Uingereza iliweka kipimo ambacho majaji wetu wanakitumia hadi leo: daktari si mzembe ikiwa alitenda kama ambavyo kundi la wenzake wenye ujuzi uleule lingeona ni sawa.

Kipimo hicho kinafaa siku ya kawaida. Siku ya janga kinayumba. Mtaalamu wa ngozi anaitwa kusimamia mashine ya kupumulia ambayo mara ya mwisho aliiona akiwa chuoni. Wenzake wenye ujuzi uleule ni akina nani? Madaktari wa ngozi? Hapana. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Wilsher, ilikuwa imeshafunga mlango huo. Daktari mwanagenzi alikuwa amekosea kumwekea mtoto njiti mrija wa kupima hewa ya oksijeni, na mahakama ikasema ugeni kazini si utetezi: unapimwa kwa kiti ulichokalia, haidhuru umekikalia kwa muda gani. Kwa wakati wa amani ni kanuni ya haki, maana mgonjwa hapaswi kulipia masomo ya mtu. Kwa Machi 2020 ilikuwa tishio kwa maelfu waliovukishwa idara kwa usiku mmoja, na hofu hiyo ndiyo iliyozaa sheria za kinga.

Iliyonishughulisha zaidi ni ya New York.

Tuikumbuke hali yenyewe, maana leo ni rahisi kuisahau. Katika juma la mwisho la Machi, hospitali ya Elmhurst, mtaa wa Queens, ilipoteza wagonjwa 13 ndani ya saa 24. Watu walikuwa wakitoka vibarazani kila saa moja jioni kupiga makofi na sufuria kwa ajili ya wauguzi. Gavana Andrew Cuomo alikuwa televisheni kila siku. Tarehe 23 Machi alitoa amri ya kuwakinga madaktari na wauguzi dhidi ya madai ya uzembe wa kawaida, na siku chache baadaye kinga ikapanuliwa na kuwekwa kuwa sheria kamili. Haikuletwa kama muswada unaojitegemea ambao mbunge angeweza kuukalia chini akausoma. Ilipachikwa ndani ya sheria ya bajeti, makaratasi kwa mamia, ikatiwa saini mwanzoni mwa Aprili na kurudishwa nyuma ihesabiwe tangu tarehe 7 Machi. Chama kikubwa cha hospitali za New York kilisema hadharani kwamba ndicho kilichoiandika rasimu na kuipigania.

Ukiisoma sheria ile polepole utaona mambo mawili ambayo makofi ya saa moja jioni yaliyafunika. La kwanza ni orodha ya waliokingwa. Muuguzi yumo, daktari yumo. Yumo pia mkurugenzi mtendaji, meneja, mjumbe wa bodi, pamoja na taasisi yenyewe, na taasisi ilijumuisha nyumba za wazee za kibiashara. La pili ni namna uzembe uliokithiri, ambao kinga haikuufunika, ulivyopunguzwa makali. Sheria ilisema kitendo au uamuzi uliotokana na uhaba wa vifaa au wa wafanyakazi hautahesabiwa kuwa uzembe uliokithiri.

Hapo nilisimama nikasoma tena. Kwa muuguzi aliyeachwa peke yake na wagonjwa 30, sentensi hiyo ni huruma. Kwa mwenye nyumba ya wazee aliyepunguza wafanyakazi miaka mitano mfululizo ili faida ipande, sentensi ileile ni zawadi, kwa sababu uhaba ni yeye aliyeutengeneza. Sheria ilivaa sare ya muuguzi, na ndani ya sare akajificha mwajiri.

Si dhana tu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Letitia James, alipotoa ripoti yake tarehe 28 Januari 2021, alieleza kwamba kati ya nyumba za wazee 401 za kibiashara jimboni, 280 zilikuwa na alama za chini za serikali ya shirikisho kwa idadi ya wafanyakazi. Alama hizo zilikuwepo kabla ya kirusi kufika. Ripoti hiyo pia ilisema vifo vya wakazi wa nyumba za wazee huenda vilikuwa vimehesabiwa pungufu kwa kiasi cha hadi asilimia 50, na ikapendekeza kinga iondolewe. Mbunge Ron Kim, ambaye mjomba wake alifia katika nyumba ya wazee, ndiye aliyeishika kidete kazi ya kuifuta. Ilifutwa tarehe 6 Aprili 2021. Lakini mahakama ya rufani inayokaa Rochester iliamua mwaka uliofuata kwamba kufutwa huko hakurudi nyuma. Aliyefiwa ndani ya miezi ile kumi na mitatu, basi kinga bado imesimama mlangoni mwake.

Kulikuwa na njia nyingine ya kukwepa. Aprili 2020 polisi wa mji mdogo wa Andover, New Jersey, waliikuta miili 17 katika chumba cha maiti cha nyumba ya wazee kilichojengwa kwa minne. Familia ziliposhtaki, wenye nyumba walitaka kesi ihamishiwe mahakama za shirikisho kwa hoja kwamba sheria ya mwaka 2005 ya maandalizi ya dharura, iliyotungwa hasa kulinda watengenezaji na watoaji wa chanjo, dawa na vifaa, iliwakinga wao pia. Mahakama ya rufani ya shirikisho ilikataa Oktoba 2021 na kuirudisha kesi jimboni. Zaidi ya mwaka mmoja ulikuwa umeteketea kubishana ni mlango upi wa kubisha.

Massachusetts nayo ilipitisha kinga yake, tarehe 17 Aprili 2020, majuma matatu baada ya vitanda vya Holyoke kusukumwa. Yenyewe haikumlinda aliyepuuza hatari kwa kusudi, na ilihusu madai ya fidia tu. Mlango wa jinai ulibaki wazi.

Sasa turudi Holyoke, kwenye makao yale ya kilimani. Uchunguzi ulioagizwa na gavana Charlie Baker, uliofanywa na wakili Mark Pearlstein na kuchapishwa Juni 2020, ulikuta kwamba mkazi wa kwanza aliyeshukiwa alipimwa tarehe 17 Machi na majibu yakaja tarehe 21. Katika siku hizo nne hakutengwa. Aliendelea kukaa na wenzake na kuzunguka maeneo ya pamoja. Katika juma hilohilo, msaidizi mmoja wa wauguzi aliyevaa vifaa vya kujikinga akiwahudumia wakazi alipewa barua ya karipio, ikimlaumu kwa kuwatia wenzake wasiwasi.

Barua hiyo sijaweza kuitoa akilini. Fikiri ungekuwa wakili. Mtu wa kawaida mwenye busara angefanya nini mbele ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza? Angevaa barakoa. Kipimo chote cha uzembe, kuanzia konokono hadi leo, kinamwelekeza avae barakoa. Naye aliyekitii akaandikiwa onyo na waliopaswa kumpa hiyo barakoa. Angeivua akamwambukiza mzee, angekuwa mzembe. Akaivaa, akawa mkaidi.

Habari zilitoka nje kwa njia ambayo wafanyakazi wa hospitali popote duniani wanaijua. Mtu aliandika barua bila jina, tarehe 28 Machi, ikamfikia meya wa mji, Alex Morse. Meya akapiga simu, akaambiwa kwamba wazee wanane walikuwa wamekufa ndani ya siku chache. Tarehe 30 msimamizi wa makao, Bennett Walsh, alisimamishwa kazi na wanajeshi wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa wakaingia. Walsh alikuwa afisa mstaafu wa kikosi cha Marine asiye na uzoefu wa kuendesha makao ya tiba. Alijitetea kwamba aliomba wanajeshi hao mapema, asipewe.

Septemba 2020, Mwanasheria Mkuu wa jimbo wakati ule, Maura Healey, alitangaza mashtaka ya jinai dhidi ya Walsh na mkurugenzi wa tiba, Daktari David Clinton. Kila mmoja alikabiliwa na mashtaka kumi yaliyowahusu wazee watano. Ilielezwa kuwa ndiyo kesi ya kwanza ya jinai nchini Marekani dhidi ya viongozi wa makao ya wazee kwa yaliyotokea wakati wa korona. Aliyesukuma kitanda hakushtakiwa, wala aliyeandika majina ya waliohamishwa. Walishtakiwa waliokuwa na mamlaka juu ya uamuzi. Kwa maoni yangu hapo upande wa mashtaka ulipatia, haidhuru mwisho wake ulikuwaje.

Mwisho wake ulikuwa wa kuchosha. Novemba 2021 jaji aliyafuta mashtaka. Hakusema uamuzi ule ulikuwa mwema. Alisema hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba hali ya wale wazee watano ingekuwa tofauti kama wadi zisingeunganishwa, maana huenda walikwisha kukutana na kirusi kabla ya kitanda cha kwanza kusogezwa.

Kesi za uzembe wakati wa janga hufia hapa zaidi ya popote. Kuthibitisha kwamba mtu alikosea ni nusu ya safari. Lazima uthibitishe kwamba kosa lake, na si jingine, ndilo lililoumiza. Kesi ya Wilsher niliyoitaja ilifika mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza mwaka 1988, nao wakairudisha isikilizwe upya kwa sababu upofu uliompata yule mtoto ungeweza kuletwa na oksijeni nyingi au na sababu nyingine kadhaa zinazowapata watoto njiti. Kirusi ni kibaya zaidi kwa wakili kuliko oksijeni. Hakina mwenyewe. Kimo hewani, kimo kwa mpishi, kimo kwa mjukuu aliyekuja kusalimia Jumapili. Familia inayosema baba aliambukizwa wadini lazima ieleze kwa nini si kwenye gari la wagonjwa, si sokoni, si nyumbani.

Aprili 2023 mahakama ya juu ya jimbo iliyarudisha mashtaka ya Holyoke. Majaji walio wengi walisema ushahidi uliopelekwa mbele ya baraza la raia linalopima mashtaka ulitosha kwa kesi kuanza, na mengine yangeamuliwa na kesi yenyewe. Haikusikilizwa. Machi 2024 Walsh na Clinton walikubali kwamba ushahidi uliopo ungetosha kuwatia hatiani, bila kukiri kosa, na kesi ikawekwa kando kwa miezi mitatu ya uangalizi pasipo hukumu ya hatia. Hakuna aliyelala jela hata usiku mmoja. Upande wa mashtaka ulikuwa umetaka hatia itamkwe.

Fedha zilitembea haraka kuliko haki. Mei 2022 jimbo lilikubali kulipa dola milioni 56 kumaliza madai ya familia. Aliyefiwa alipata si chini ya dola 400,000, na mzee aliyeugua akapona si chini ya dola 10,000. Jimbo lililipa kwa sababu makao yalikuwa yake na wafanyakazi walikuwa wake. Kanuni ya mwajiri kubeba makosa ya mwajiriwa ni ya zamani, na mahakama za Uingereza ziliithibitisha kwa hospitali tangu mwaka 1951 katika kesi ya Cassidy. Wauguzi wengi wa kwetu hawaijui. Nimewasikia wakinong'ona kwamba watauziwa shamba kwa ajili ya kosa la zamu, ilhali katika hospitali ya umma anayetazamwa kwa fidia ni serikali iliyowaajiri. Shamba salama. Leseni ndiyo ya kuilinda.

Italia ilijaribu njia ambayo naiona ya busara kuliko zote. Ilikuwa na sababu: Machi 2020 malori ya jeshi yalibeba majeneza kutoka Bergamo usiku kwa kuwa mji haukuwa na pa kuyaweka, na mapema mwezi huohuo chama cha madaktari wa nusukaputi na wagonjwa mahututi kilikuwa kimetoa mwongozo wa nani apewe kitanda ikiwa vitanda havitoshi. Hebu waza kuandika karatasi kama hiyo. Mwaka 2021, sheria iliyoibadili amri namba 44 ya Aprili ilisema kwamba kwa vifo na majeraha yaliyosababishwa na hali ya dharura, mhudumu wa afya ataadhibiwa kwa uzembe uliokithiri tu, na jaji anapoupima uzembe huo lazima atazame mambo yafuatayo pamoja na mengine: elimu ya ugonjwa ilikuwa finyu kiasi gani siku hiyo, watu na vifaa vilivyokuwepo vilitosha wagonjwa wangapi, na kama aliyetenda alikuwa akifanya kazi isiyo fani yake. Yaani ile hoja ya daktari wa ngozi kwenye mashine ya kupumulia, ambayo kesi ya Wilsher iliifungia nje, Italia iliiingiza ndani na kuiketisha mbele ya jaji. Mlango wa mahakama haukufungwa. Kilichobadilika ni macho ya jaji, na waliotajwa ni wahudumu, si wenye hisa.

Kwetu je? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 7, inaongeza makali: taasisi ya tiba inayoshindwa kutoa huduma ya dharura ilhali ina uwezo inatenda kosa, na faini yaweza kufika shilingi milioni tatu. Angalieni ni nani aliyelengwa hapo. Ni taasisi. Na angalieni yale maneno mawili, ina uwezo, maana ndiyo uwanja wa vita. Mwaka 2015, kabla sheria hiyo haijatungwa na korona haijasikika, majeruhi mmoja wa ajali alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha mahututi, na akafa. Kila lango lilikuwa na sababu yake. Miaka mitano baadaye sababu zikaongezeka: kafyu, hofu, barakoa zilizoisha, kila mwenye kikohozi kudhaniwa ana korona.

Upande wa pili, kanuni za adhabu tulizorithi kwa Mwingereza zinamlenga mtu. Kifungu cha 243 Kenya na cha 233 Tanzania vinafanana kama ndugu wa tumbo moja: anayempa mgonjwa matibabu kwa uzembe au kwa kutojali, kiasi cha kuhatarisha maisha, ni mkosaji. Mwenye kugawa vifaa hatajwi. Aliyeidhinisha zamu ya muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini hatajwi. Vifungu hivyo viliandikwa wakati ambapo daktari alikuwa mtu mmoja mwenye mkoba, anayeingia nyumbani kwa mgonjwa na kutoka. Hospitali ya leo ni kiwanda. Bado tunamtafuta mwenye mkoba.

Wahudumu wenyewe walijua uzito ulikokuwa. Desemba 2020 wauguzi na matabibu wa Kenya waligoma kuanzia tarehe 7, na madaktari wakawafuata tarehe 21. Walidai vifaa vya kujikinga, bima ya afya na wafanyakazi zaidi. Mwezi huohuo daktari kijana wa miaka 28, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona, alikufa kwa korona akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Ukitafuta aliyekiuka wajibu wa kumwangalia jirani katika habari hiyo, hutaanza na daktari.

Kwa familia, saa inakwenda mbio. Kenya, anayedai fidia ya uzembe dhidi ya hospitali binafsi ana miaka mitatu. Anayeidai serikali ana miezi 12. Tanzania, anayekusudia kuishtaki serikali hutanguliza notisi ya siku 90. Mtu aliyemzika mume wake chini ya ulinzi, jamaa wachache wamesimama mbali, hata matanga hayakukaliwa, hana akili ya kuhesabu miezi. Atakapoanza kuuliza faili la mgonjwa liko wapi, nusu ya muda imeyeyuka.

Na faili ndilo kila kitu. Nikizungumza na wauguzi huwaambia jambo moja ambalo halimo katika kozi zao: andika. Kitabu cha ripoti cha wadi si cha halijoto na dripu peke yake. Kama mko wawili usiku na wagonjwa ni arobaini, andika idadi, andika saa, andika ulimpigia nani simu na alijibu nini. Kama glovu zimeisha, andika saa zilipoisha. Mwenye kusimamia ataona ni uchokozi. Miaka mitatu baadaye, mbele ya Baraza la Madaktari, la Wauguzi au mbele ya jaji, mistari minne ya kalamu ya buluu yaweza kuwa tofauti kati ya mtu aliyeacha mgonjwa na mtu aliyeachwa peke yake pamoja na mgonjwa. Holyoke ilifika mahakamani kwa sababu kama hizo: watu waliokuwepo walisema walichokiona, na karatasi zilionyesha nani aliamua nini, lini.

Yule msaidizi wa wauguzi alipewa karipio kwa maandishi. Huo nao ulikuwa ushahidi, ila walioandika hawakujua wanauandika dhidi yao wenyewe.

Kilimani Holyoke ujenzi wa makao mapya ulianza mwaka 2023, kwa gharama inayokaribia nusu bilioni ya dola. Ramani yake ina vitanda 234, kila mkazi na chumba chake.